Televisheni Iliyoshonwa

Nianze na wewe unayetaka kucheka. Cheka kabisa, umalize, kisha unisikilize. Nimeshachekwa na wajuzi kuliko wewe.

Mimi ni fundi wa televisheni za zamani. Zile za chogo, nzito, ambazo ukizibeba peke yako kiuno kinakukumbusha wiki nzima. Mtaani wananiita Fundi Chogo, mimi mwanamke mzima, na kwa kuwa jina halinipunguzii kitu, naitika. Siku hizi kila nyumba ina televisheni bapa ukutani, lakini mimi kazi ninayo. Vijana wanaocheza magemu ya zamani wanataka chogo; wanasema kwenye bapa kidole kinabonyeza sasa, mtu kwenye kioo anaruka baadaye. Wapiga picha wanakodi zile za mbao wakapambie studio. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, ana kanda ya harusi yake na hataki kuitazama popote ila kwenye chogo, kama alivyoitazama mara ya kwanza mkewe akiwa hai. Mzee yule namheshimu sana.

Matangazo ya antena yalishazimwa. Ukiwasha chogo bila king'amuzi utaona chenga tu, shhhhh, mpaka usingizi ukuchukue. Chenga hazinitishi. Nimeishi nazo miaka thelathini.

Basi jioni ile nilikwenda kuchukua mzigo nyumbani kwa fundi cherehani mmoja, mjane, anayekaa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba ana televisheni ya kabati, yenye milango miwili ya mbao, na hataki kitu chochote. Njoo uichukue tu. Televisheni ya kabati nilikuwa nimeitafuta miaka kumi na moja! Nilimshika msukuma mkokoteni wa hapo kona, tukaenda mbio jua likishuka.

Tuliikuta ukumbini, imefunikwa kitambaa kizito cha kahawia. Si kufunikwa hasa. Ilikuwa imeshonwa. Kitambaa kilizungushwa pande zote, na kila ukingo ulipigwa uzi mara tatu kwa mkono, mishono midogo, ya karibukaribu, ya mtu aliyeshona bila kupumzika.

"Dada, hii umeivisha au umeizika?" nikamwuliza.

Hakucheka.

"Unaitaka, huitaki?"

"Naitaka."

"Basi sema ni yako."

"Ni yangu."

"Sema tena."

"Ni yangu, dada! Jamani, unataka niweke na dole gumba?"

Akashusha pumzi. Akakaa pale kizingitini kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Magharibi ikiingia isiwe wazi," akanong'ona. "Na ukisikia hodi... usiitikie."

"Mimi ni fundi, dada. Nisipoitikia hodi nitakula nini?"

Alishaanza kufunga mlango.

Njiani, kwenye kilima, msukuma mkokoteni akasimama kujifuta jasho. Akakitazama kile kitambaa cha kahawia, akanitazama mimi.

"Fundi, hii imemeza mtu?"

"Sukuma."

"Nauliza tu. Nilipoinyanyua kuna kitu kimesogea humo ndani. Kimesogea taratibu... kama mtu anayejiweka sawa kitini."

"Ni bodi imelegea. Sukuma, giza linaingia!"

Akasukuma. Lakini alitembea ubavuni mwa mkokoteni, mkono mmoja tu umeshika, na tulipofika hakungoja hata maji.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Nyumba ni yake, hati ina jina lake, na mimi na ufundi wangu wote nakaa kwake. Mama ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu anakijua mwenyewe. Anakaa chumba cha pili, na kati yetu ni pazia tu. Miguu inamvimba, viatu alishaviacha, lakini ulimi uko palepale. Na hajawahi kumwacha mtu mlangoni. Aliwahi kumkaribisha chai mtu aliyekuja kutukatia maji, na yule bwana akanywa vikombe viwili ndipo akakata.

Nilichukua wembe nikaanza kukata nyuzi. Uvivu sina, lakini nilitoa jasho. Kitambaa kilipoanguka nikaona mbao nyekundu, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Milango miwili midogo yenye vishikio vya shaba. Nikaifungua.

Kioo kikubwa, kimevimba vizuri. Salama salimini.

Harufu ikanipiga. Ya nguo zilizofungiwa sandukuni kabla hazijakauka. Na chini yake nyingine, ya rangi ya viatu. Nikasema ni vumbi la miaka. Sikuichomeka kwenye umeme. Chombo cha zamani hakichomekwi kwa pupa, unaanza na kukipangusa. Nikaiacha milango wazi ipate hewa, nikaigeuzia mgongo, nikainamia televisheni ya kijana mmoja niliyokuwa nimemwahidi asubuhi.

Nje adhana ilikwisha. Mbu wakaanza. Nikautia mlango komeo, nikarudi kwenye meza yangu.

"Hodi..."

"Karibu!"

Ilitoka yenyewe. Na wewe usinitazame hivyo. Wewe hodi ikipigwa huwa unakaa kutafakari? Karibu ni kama chafya, unajikuta umeshaitoa. Na mimi nilikuwa na bisibisi mdomoni na waya mbili mkononi.

"Mwenyewe yupo?"

Sauti ya upole. Ya mtu mzima mwenye adabu zake. Hata sasa siwezi kukuambia ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke.

"Yupo ndani, kajipumzisha. Kaa hapo kitini umsubiri."

"Ahsante. Nitamsubiri."

Kiti cha wateja kikalia, kwiii, kama kinavyolia siku zote mtu akikikalia, maana mguu wake mmoja umelegea.

Ndipo nikakumbuka kwamba mlango nimeutia komeo.

Nikageuka.

Hakuna mtu. Komeo liko palepale. Kiti kitupu.

Nikasema, ah, masikio ya uzee. Macho yangu yakapita kwenye ile televisheni. Kioo cha chogo kikiwa kimezimwa ni kama kioo cha kujitazamia, kila fundi anajua: unaona chumba chote humo, kimepinda, cheusicheusi. Nikajiona mimi, mdogo, nimesimama na bisibisi. Nikaiona meza. Nikaiona taa. Nikakiona kiti cha wateja.

Kimekaliwa.

Mikono miwili imewekwa magotini, viganja chini. Viatu viwili vinang'aa. Uso sikuuona, ulikuwa umekatwa na ukingo wa juu wa kioo.

Nikatazama kiti chenyewe. Kitupu. Nikatazama kioo. Viatu vikasogea kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake apite.

Niliogopa. Nasema wazi, sina haja ya kujitia ushujaa. Nikairukia milango ya kabati, pa! Nikaifunga, nikaweka juu yake televisheni nyingine nzito, nikasimama katikati ya chumba natweta.

"Mwanangu," mama akaita kutoka nyuma ya pazia. "Mgeni umempa maji?"

"Mgeni gani, mama?"

"Aliyekaa hapo mbele. Ana adabu sana. Kaniamkia vizuri."

Asubuhi mama hakuamka kulalamika. Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa habari hiyo ilivyo mbaya. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja magotini, anatazama pazia. Nikamshika miguu. Baridi ya sakafu. Uji hakuugusa.

Nikamleta daktari wa zahanati. Akampima huku na huku, akakunja vifaa vyake.

"Presha nzuri, sukari nzuri. Ni uzee tu."

"Uzee umeanza jana saa kumi na mbili na nusu?"

Akaniambia nimpe vitu vya maji. Nikamwambia ahsante, na mlango ule pale.

Siku ile sikufanya kazi. Niliifunga milango ya kabati kwa waya wa umeme, mizunguko saba, nikaukaza kwa koleo. Kile kiti cha wateja nilikitupa uani. Kisha magharibi ikiingia nikakaa sakafuni mbele ya televisheni, mikono nimekunja, nimeuma meno. Nilijiambia: leo hata akipiga hodi mpaka akauke koo, karibu yangu haipati.

Kimya.

Kimya...

Kisha ile harufu ya rangi ya viatu.

"Hodi..."

Haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka nyuma yangu. Penye pazia la mama.

Nikauma ulimi hadi nikaonja damu. Sikuitikia. Wallahi sikuitikia!

"Karibu, mwanangu," akasema mama. "Karibu, karibu. Vuta kiti."

Kwiii.

Nikalichana pazia kwa mikono miwili. Kile kiti nilichokitupa uani kilikuwa kando ya kitanda chake. Kitupu. Na mama anakitazama, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za safari.

"Mama! Unazungumza na nani?"

"Punguza sauti, unanitia aibu kwa mgeni." Akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya usingizi wala ya homa. Yalikuwa mazima kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. "Amesema kesho anaaga. Ameniomba nimsindikize. Kidogo tu, hadi pale njiani."

Nimsindikize! Neno dogo, zuri, la kila siku. Mgeni hatoki peke yake kwa watu waungwana, utamtoa hadi kona, mtasimama, mtaongea tena. Na mama yangu hajawahi kumnyima mgeni kona. Lakini huyu kona yake iko wapi?

Nilikaa macho nimemshika mkono hadi kukakucha. Saa moja asubuhi nikamwachia jirani yangu muuza mkaa, nikaenda kule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Sikupiga hodi. Niliusukuma mlango.

Fundi cherehani alikuwa kwenye mashine yake. Aliponiona akaondoa mguu kwenye pedali.

"Umeitikia," akasema.

"Nimeitikia. Na akauliza mwenyewe yupo, nikamwambia yupo ndani. Sasa anataka mama amsindikize leo. Sema unachokijua, dada, kabla sijakugeuzia hiyo cherehani kichwani."

Akazungumza akitazama kitambaa chake, wala hakunikasirikia.

"Mume wangu aliinunua kwenye mnada. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akapaka viatu rangi, akavivaa, akakaa kitini. Nikamwuliza unakwenda wapi? Akasema namsindikiza mgeni, sikawii. Nilipoleta chai..." Akalainisha kitambaa kwa kiganja. "Alikuwa amekwenda, fundi. Na viatu miguuni."

"Huyo mgeni ni nani?"

"Sijui. Najua ana adabu. Haingii bila karibu, hatoki bila kusindikizwa. Nilipomkosea heshima hakunifanya kitu. Nilipomlaani alinyamaza."

"Nikivunja kioo?"

"Ile ndiyo nyumba yake. Ukimvunjia nyumba mgeni, atahamia kwa nani?"

"Sasa wewe ulimfukuzaje?"

Akaniinulia macho mekundu.

"Sikumfukuza. Nilikupa wewe." Akanishika mkono. "Mpe mwingine, mdogo wangu. Mapema, kabla ya jioni. Akisema ni yangu, imekwisha, itamfuata yeye. Mpe yeyote."

Yeyote! Nikamfikiria yule mzee wa reli. Angelifurahia kabati lile hadi machozi. Angekaa mbele yake peke yake, jioni, na hodi ikipigwa angeitikia kabla haijamaliza herufi ya mwisho, maana nani anampigia hodi mzee yule siku hizi?

"Sitoi," nikasema.

"Mama yako atakufa."

"Mama yangu hafi. Na sitoi."

Nikaondoka hasira ikinichemka. Yeye nilimsamehe palepale, alikuwa mtu aliyechoka. Hasira yangu ilikuwa kwa mgeni. Niliwaza njia nzima: huyu ni kiumbe gani anayekuja na adabu zake mkononi, anakula heshima ya watu wazima, anawaua kwa ukarimu wao wenyewe? Jizi likivunja dirisha utalipigia kelele. Huyu anabisha hodi!

Nilipofika, muuza mkaa alinipokea mlangoni.

"Shoga, mama yako kavaa viatu. Kavitoa wapi?"

Mama alikuwa amekaa amevaa nguo yake ya kutokea. Miguuni, ile miguu iliyovimba, viatu vyeusi vimemkaa sawasawa, vinang'aa. Rangi ya viatu katika nyumba yetu haijanunuliwa miaka. Nilijaribu kumvua. Havikutoka. Nikavuta hadi mama akasema aa, unaniumiza, nikaacha, nikaenda uani nikalia kwa kifupi, nikanawa uso.

Muuza mkaa nikamrudisha kwake. Nikafungua ile mizunguko saba ya waya. Nikaisukuma ile televisheni hadi ikatazamana na kitanda cha mama, nikaifungua milango miwili, wazi kabisa. Kama yupo, na nimwone.

Nje jua likazama.

Chumba kikaanza kuingia kiza humo kwenye kioo kabla ya humu ndani. Nikamwona mama, amepinda, mdogo. Nikajiona. Kando ya kitanda, kwenye kiti, mikono miwili magotini.

"Tunashukuru kwa ukarimu," ile sauti ikasema. "Naomba kuaga. Mwenyewe, nisindikize."

Mama akainuka. Hakushika ukuta, hakushika fimbo. Aliinuka kama msichana.

"Mama, kaa."

"Nakuja sasa hivi, mwanangu. Hapo tu..."

Akapiga hatua. Kwenye kioo, umbo lenye nguo za giza likasimama. Mkono ukanyooshwa. Mama naye akanyoosha wake, na vidole vyake vikaanza kuwa vyeupe kwenye ncha, mbele ya macho yangu, kimoja kimoja.

Nikajitupa katikati.

"Ngoja kwanza!"

Kila kitu kikatulia. Hata mbu.

"Umekuja lini hapa?" nikamwuliza. Nilikuwa natetemeka, lakini mimi nikitetemeka sauti huwa inapanda. "Nakuuliza wewe, mwenye adabu! Umekuja lini?"

"Juzi," ikajibu sauti.

"Juzi. Jana. Leo. Leo siku ya ngapi?"

Mkono kwenye kioo ukabaki hewani.

"...Ya tatu."

"Ya tatu! Umekaribishwa, umekaa, umeitwa mwanangu na mama yangu mzazi. Heshima zote umezichukua. Mimi sikutukani, sikufukuzi, nyumba yako siivunji. Nakuuliza swali moja la watu wazima. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu...?"

Hakujibu.

"Siku ya tatu?" nikapiga kelele. "Au adabu zako ni za kuchagua?"

Kiti kikalia. Kwiii. Nikasikia pumzi ndefu, ya mtu aliyekamatwa. Na sauti ikasema polepole sana, kama mtoto anayelazimishwa somo:

"...mpe jembe."

"Eh! Mpe jembe! Sasa mimi shamba sina. Nina televisheni."

Nikachomoa bisibisi mfukoni, nikaiweka juu ya kile kiti. Nikavuta chogo moja bovu kutoka kwenye rafu, inchi ishirini na moja, lililomshinda hata marehemu aliyenifundisha kazi, nikalibwaga mbele yake. Mgongo ukalia, ka!

"Hapa kwetu mgeni wa siku ya tatu haagi mpaka kazi iishe. Anza."

Nilingoja. Sijui muda gani. Kwenye kioo ule mkono ukabaki hewani, unaelekea kwa mama, na mimi nimesimama pale nikijua kwamba asipokubali sina kingine. Nilikuwa nimemaliza maneno yote.

Kisha vile vidole vikakunjika. Vikashuka. Vikaokota bisibisi.

Krr... krr... krr...

Parafujo ya kwanza ikaanguka sakafuni, ikabingirika hadi kwenye mguu wangu.

"Aaah!" mama akasema nyuma yangu, akakaa kitandani pu. "Miguu yangu mimi! Nani kanivalisha viatu? Na wewe unabweka nini jioni yote hii? Chai iko wapi?"

Viatu vikatoka kwa kuguswa tu. Nikamwekea sukari tatu, na Mungu anisamehe, nilimbusu mpaka akanisukuma.

Huu ni mwaka wa nne sasa. Mama yupo. Analalamika kuanzia asubuhi. Muuza mkaa anasema anamsikia hadi kwake, na mimi namwambia mshukuru Mungu, hiyo ndiyo redio yetu. Kabati nililirudisha kwenye karakana, na mlango wa mbao halisi nikaupachika badala ya pazia.

Kila magharibi nafungua milango miwili na kuweka kazi, maana ikiisha ataaga. Mwanzoni alikuwa goigoi, chogo moja lilimchukua wiki nzima. Siku hizi anamaliza matatu kwa jioni moja, na ubovu alioushinda mara moja haumchukui dakika. Ndiyo maana unaniona nazurura kwenye minada, kwenye stoo za hoteli zilizofungwa, kwenye mashimo ya taka, natafuta televisheni zenye magonjwa mapya. Watu wanasema fundi kapenda vya kale hadi akapinda kichwa. Waseme. Ila zile alizozishika yeye hazitoki humu. Ninazokodisha na kuuza ni nilizotengeneza mimi, mchana, kwa mikono yangu, na ukitaka kuhakikisha angalia risasi niliyochomelea nyaya, ina madoa.

Na wewe kama unalo chogo lako stoo, usilitupe. Niletee. Likiwa limeharibika vibaya, vizuri zaidi.

Maana yamepungua. Sikudanganyi. Mwezi uliopita nilizunguka siku tano nikapata moja tu. Kwa hiyo nimeanza kitu ambacho fundi hatakiwi kukifanya. Asubuhi nazichukua zile alizozitengeneza, zinawaka safi, picha hadi raha, nachukua koleo... nazikata nyaya. Mara ya kwanza machozi yalinitoka. Siku hizi nakata na kuimba.

Jana jioni nilimwekea mbili. Nikasikia bisibisi, krr, krr. Ikasimama.

"Hii niliitengeneza juzi," akasema.

Miaka minne hatujawahi kuongea zaidi ya salamu.

"Imeharibika tena."

"Waya umekatwa kwa koleo."

"Koleo langu," nikasema. "Nimekata mimi. Utafanyaje?"

Ile harufu ya rangi ya viatu ikapanda, ikajaa chumba. Kwenye kioo, mara ya kwanza tangu aje, alianza kuinama. Taratibu. Kifua kikashuka, kikaja kidevu... nikatazama pembeni. Kuna mambo ambayo fundi halazimiki kuyaona.

"Mama yako ni mzee," akasema, karibu kabisa na sikio langu.

"Najua umri wake kuliko wewe. Siku yake ikifika atakwenda, na mimi nitalia, na watu watakuja. Lakini atakwenda kwa safari yake. Hakusindikizi wewe."

"Na akienda..." Hana haraka, hiyo ndiyo tabia yake. "Nikiuliza mwenyewe yupo, nitajibiwa na nani?"

Swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza. Ng'ambo ya mlango mama alikuwa anakohoa, anatafuta miwani, anaita jina langu la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki anayelijua.

Nikaivuta ile televisheni nzuri kuliko zote nilizonazo, ya mbao, ya mwaka niliozaliwa, ambayo sijawahi kuthubutu kuikata. Nikaifungua mgongo. Nikaweka koleo kwenye shada zima la nyaya, nikabana kwa mikono miwili mpaka zikakatika zote kwa mkupuo mmoja, mbele ya macho yake.

"Nitakuwepo mimi," nikamwambia. "Shika kazi."